Siku Tuliyoingia na Yustina

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Izia baridi inauma, lakini mume wangu mpya hunichemshia maji ya kuoga kila asubuhi, nami nacheka kama mwali! Ila tangu uulize mtaanzaje kuwasaidia wenzenu wanaodhalilishwa hapo chuoni, situlii, nakaa, nainuka.

Enzi za Ujamaa, chuoni kwetu, mkufunzi alimshika rafiki yangu Yustina kwa nguvu. Lakini Yustina ndiye aliyeitwa ofisini kwa Mkuu wa chuo ajieleze, huku akitishiwa kufukuzwa. Sisi wenzake tuliacha majembe kwenye shamba la chuo, tukaingia naye na matope miguuni.

“Nani kawaita?”

“Mimi, Ndugu Mkuu,” alijibu Yustina.

Nikaanza kumsemea kwa hasira. Akanifinya mkono. “Wewe kaa tu, dada. Nitasema mwenyewe.”

Alisema yote bila kuuachia mkono wangu, na tulihitimu pamoja.

Bibi yako, bibi harusi