Siku Kumi na Moja Nilizomficha Nasrin Msiba Wake

Kaka Shaabani,

Shikamoo. Itikia kwanza ndipo uendelee kusoma, maana nakujua, ukipewa karatasi huruka mistari ya juu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Mimi mzima, nakula, nasali, navaa soksi mbili mbili. Natumai hapo Kaole mnaendelea vizuri, miguu ya Mama imepungua kuvimba, wifi na watoto hawajambo, na duka lako la misumari na saruji linafunguliwa kabla ya saa tatu asubuhi, ingawa hilo sitaliamini mpaka nilione kwa macho yangu.

Barua hii anakuletea Dada Rehema, muuguzi wa Dar tunayesali naye Ijumaa huku Uskochi. Anakuja likizo, na nimemwomba akukabidhi mkononi mwako, palepale dukani, asimpe mtu mwingine. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini ujumbe wa simu wewe hujibu kwa kile kidole gumba cha njano, na kwa jambo hili kidole gumba sikitaki. Lenyewe limeniacha mdomo wazi tangu Jumanne, leo Alhamisi bado sijaufunga. Nivumilie nikianzia mbali kidogo.

Nilikwambia nimeingia kwenye umoja wa wanafunzi, ila sikukwambia nilivyoingia. Nilidhani ni kama serikali ya wanafunzi ya kwetu, rais ana suti, mawaziri wana suti, kampeni ina ngoma na vipaza sauti. Nikaelekezwa chumba kilicho juu ya baa. Ndiyo, baa, ndani ya jengo la wanafunzi, na chuo kinajua. Nikapita na mtandio wangu nikitazama viatu vyangu tu. Huko juu nikakuta watu kumi hivi, sahani ya biskuti, na mwenyekiti ni binti mwenye suruali iliyochanika magoti yote mawili. Mkuu wa kitivo alikuwepo, mzee wa mvi kabisa, na yule binti akamwita kwa jina lake la kwanza, kavu kavu, akamwambia hajaridhika na majibu yake. Mzee akasema samahani! Nilimtazama mzee, nikamtazama binti, nikaacha biskuti hewani.

Ikafika zamu ya kumtafuta mwakilishi wa ustawi wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, yaani mtu wa kupigiwa simu mwanafunzi akiugua, akifiwa au akilemewa. Nilikitaka cheo kile tangu kilipotajwa. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwanaidi, wewe je, utaweza?" Nami nikajibu kama anavyojibu mtu aliyelelewa, "Ah, mimi wapi, wapo wanaofaa zaidi yangu." Nikainamisha kichwa nisubiri kubembelezwa. Kaka, hawakubembeleza! Akasema, "Asante kwa kutuambia mapema," akamgeukia jamaa wa pembeni yangu. Nilishtuka nikasimama, nikapaza sauti, "Ngojeni, nataka! Nilikuwa nasema tu!" Walicheka mpaka mkuu wa kitivo akafuta miwani. Wakanipigia kura wote.

Basi nikapewa simu ya umoja na mafunzo ya siku mbili. Aliyetufundisha ni Moira, mama wa makamo, mwajiriwa pekee wa ofisi ile. Alisisitiza mambo machache: sikiliza, usiahidi haraka, na jambo zito usilibebe peke yako, mletee yeye. Niliandika yote kwenye daftari, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Mimi niliyeanza kukuna nazi kwenye misiba ya mtaa mzima tangu nina miaka kumi na miwili, leo nifundishwe kukaa na mfiwa!

Wiki ya tatu simu ikaita. Alikuwa mwanamume anaongea kutoka Bangladesh, akasema yeye ni kaka yake Nasrin. Nasrin namjua vizuri, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, anasomea uzamivu wa mambo ya maji, na ndiye aliyenionyesha inakouzwa nyama ya halali. Kaka mtu akaniambia baba yao amefariki jana na wameshamzika. Nasrin alikuwa anajua baba ni mgonjwa, amelazwa, basi. Zilikuwa zimebaki siku kumi atetee tasnifu yake, ile siku wanapokukalisha mbele ya maprofesa wakuulize miaka yako minne yote. "Dada," akaniambia, "tunaomba asijue mpaka amalize. Na tunaomba awepo mtu karibu yake."

Nilimwelewa kabla hajamaliza kusema. Sikumpelekea Moira, kwa sababu nilijua Moira atasema nini. Tena sikuishia kukubali. Kaka mtu alikuwa na wasiwasi Nasrin atataka kuongea na baba, na ni mimi, mdomo wangu huu, niliyempa jibu. Nikamwambia, "Mwambieni daktari amemkataza kuongea, koo linauma, apumzishe sauti. Kwetu ndivyo tunavyosema." Akanishukuru mpaka akalia. Nikakata simu nikiwa nimejaa fahari, nikaona leo nimeleta ubinadamu wa pwani kwenye ofisi ya watu wa karatasi.

Siku zile nilimhudumia Nasrin kama mwari. Nikampikia wali wa nazi, nazi yenyewe ya kopo, Mungu anisamehe. Nikamsikiliza akijizoeza kujibu maswali ya maprofesa. Kila baada ya sala alinyanyua mikono akamwombea baba yake apone, nami nimekaa pembeni yake naitikia amina. Niliitikia, kaka. Sauti haikutetemeka hata mara moja, na hilo nalo nilijisifia.

Jumamosi akaniambia nimsindikize dukani, anataka kumpelekea baba sweta ya sufu akienda nyumbani, maana asubuhi za baridi zinamsumbua kifua. Akachagua ya rangi ya majivu. Akaniomba niivae mimi, eti mimi na baba yake mabega yetu sawa. Nikaivaa. Akanizungusha mbele ya kioo, akavuta mikono ya sweta kuangalia urefu, akarudi nyuma hatua mbili anitazame, akatabasamu kama anamwona yeye. Akaniuliza, "Unaonaje, itamfaa?" Nikasema itamfaa sana.

Jumanne akatetea, akafaulu. Tukakusanyika kwenye kile chumba cha juu ya baa, nilikuwa nimenunua keki, Moira naye alikuja. Nasrin akasema kabla ya keki apige simu ya video nyumbani, baba hata kama haruhusiwi kuongea, amwone tu. Nikajua ndiyo saa yenyewe, nikasogea karibu yake niwe tayari kumshika. Akapokea kaka mtu. Waliongea Kibangla, sijui hata neno moja, na nilielewa yote. Nasrin aliuliza swali fupi. Kaka yake akainamisha kichwa. Akauliza lingine, kaka akajibu, na ndani ya jibu lile nikasikia jina langu.

Akanigeukia. Akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, "Anasema wewe ulikuwa unanitunza. Ulijua tangu lini?"

Nikasema, "Tangu siku ya pili."

"Kwa hiyo kule dukani ulijua."

Nikaanza kumweleza kwamba kwetu hii ni huruma, mtu hukingwa mpaka amalize lililo mbele yake. Hakunipa nafasi. Akasema, "Siku kumi na moja watu wote wanamwombea baba yangu rehema. Mimi peke yangu, mwanawe, namwombea apone. Na wewe unaniitikia amina."

Nilikuwa nimeshanyoosha mikono, maana kwetu mtu akipata habari ile huanguka, na wewe humdaka. Hakuanguka. Hakulia hata chozi. Akachukua koti lake akavaa, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, akashuka ngazi peke yake. Mimi nikabaki na mikono yangu hewani mbele ya keki. Sijawahi kuduwaa namna ile tangu nizaliwe. Nimegonga mlango wake jana mara nne na leo mara mbili, yumo ndani, namsikia anatembea, hafungui.

Jana asubuhi Moira akaniita ofisini. Nilikwenda nimejiandaa kuvuliwa cheo. Hakupiga kelele, akamimina chai, akasema tu, "Mwanaidi, ile habari ilikuwa mali yake." Kisha akaniuliza, na nadhani alitaka tu kunielewa, "Na wewe, likitokea jambo kwenu, nani atakuambia?"

Nikamjibu upesi, kwa ile ile fahari, kwamba sisi tumeshakubaliana. Nikamsimulia siku ya kuondoka kwangu, tulivyokaa sebuleni na mabegi mlangoni, na Baba akasema mwenyewe, "Likitokea la kutokea, huyu asisumbuliwe mpaka amalize masomo yake." Nanyi mkaitikia inshallah, nami nikasema sawa, Baba. Nilikuwa nasimulia huku natabasamu, na katikati ya kusimulia ulimi ukagoma.

Kwa sababu nilikuwa najaribu kukumbuka mara ya mwisho kuisikia sauti ya Baba.

Kaka, mwezi na zaidi. Nilipopiga mara ya kwanza uliniambia yuko Kiwangwa, wanapakia mananasi. Sawa. Mara ya pili uliniambia amelala, na ilikuwa saa nne asubuhi kwenu. Baba huyu huyu ambaye akishasali alfajiri harudi kitandani, anayetuamsha sote kwa kufagia uwanja kwa makusudi? Mara ya tatu nikampigia Mama. Akaniambia Baba ana mafua, koo limemkauka, na daktari kamwambia asiongee ongee.

Nilikuwa nimekaa kwa Moira na kikombe mkononi wakati maneno hayo ya Mama yananirudia. Ni maneno niliyompa kaka yake Nasrin, karibu neno kwa neno. Mimi niliyatoa wapi? Si kwenu nyinyi? Chai ilinimwagikia mapajani, sikuhisi moto.

Nikafungua simu palepale nikausikiliza tena ule ujumbe wa sauti wa wifi, aliponisimulia mtoto kang'oka jino. Nyuma yake kuna watu wengi, na kuna mtu anakokota viti vya plastiki sakafuni. Viti vile kwetu hutolewa stoo kwa shughuli tu. Nilipokuuliza siku ile ulisema ni kisomo cha jirani. Jirani gani, kaka, anayefanyia kisomo chake nyumbani kwetu?

Labda nimeharibikiwa akili kwa hili la Nasrin. Labda Baba kweli alikuwa Kiwangwa, na kweli ana mafua, na ukisoma hapa utanicheka mpaka wateja wakushangae. Nicheke, nitafurahi. Lakini nataka ujue kuanzia leo ile "sawa, Baba" niliyoisema sebuleni naiondoa. Nilikuwa sijui ninachokubali. Sisemi mna roho mbaya. Mimi mwenyewe nimeficha kwa mapenzi, kwa moyo mweupe kabisa, na nimeona uso wa aliyefichwa. Sitaki kuja kuwatazama nyinyi kwa macho aliyonitazama nayo Nasrin.

Wala usinihofie masomo. Nitafanya mitihani nikiwa nalia kama itabidi, watu wengi wamefanya. Ninachoshindwa ni hiki: kama Baba yuko kitandani, nataka kumwombea apone. Kama hayupo, nataka kumwombea rehema, kama mnavyomwombea nyinyi. Dua hizo mbili si moja. Tangu jana kila nikimaliza kusali nanyanyua mikono, nakaa nayo hivyo hivyo, sijui niombe ipi, naishusha.

Nisalimie Mama, mwambie simlaumu kwa lolote. Nisalimie wifi, mpe pole ya kulea, na mwanangu aliyeng'oka jino mwambie shangazi yake anataka picha ya pengo. Shangazi wa Fukayosi mwambie mihogo ya huku inauzwa imepakwa nta kama mishumaa, atashangaa wiki nzima. Maalim wangu wa madrasa naye mpe shikamoo yangu ukimkuta msikitini.

Salamu za Baba sikupi. Ukimaliza kusoma funga duka, nenda nyumbani, nipigie umpe simu, nimwamkie mwenyewe. Nitasema shikamoo, na nitasubiri kwenye laini mpaka nisikie marahaba yake, hata kama koo limekauka, hata kama ni kwa kunong'ona. Na kama wa kuitikia hayupo, usimtafute Mama wala mjomba wa kunieleza. Niambie wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi