Klakso Iliyokataa Kunyamaza

Papa,

Jambo yako kutoka Walikale! Niko muzima, na leo nimekula mpaka mukaba ya kiuno imekataa kufunga.

Hapa, juu ya vita, hakuna anayejua kamyo itafika saa gani. Bamama ba kupikia basafiri banangoja shofere apige klakso, ile honi ya kamyo, ku kilima, njo banatia sufuria ku moto. Klakso ikinyamaza, banaacha kuongeza sufuria.

Leo klakso ya kamyo moja iliharibika, ikalia tu bila kuachia. Bamama bakapika bugali, bakapika sombe ya majani ya muhogo, bakaongeza samaki, mpaka sufuria zikaziba barabara. Fundi alipokata waya, tukaona kamyo ilibeba bantu babili tu! Tukakula sote, hata wakimbizi, tukicheka.

Papa, ngozi ya ndani ya matumbo inaishi hivyo. Tulijifunza mu masomo ya bunganga ya hospitali: kule chini, mu vishimo vya ngozi hiyo, seli zinapata ishara ya kuzaa kutoka kwa jirani zake. Zikipanda juu ishara inaisha, zinafanya kazi, zinachoka, zinaanguka, na zingine zinachukua nafasi. Lakini klakso ikikwama ndani ya seli moja, inazaa tu bila kuitwa. Inaleta uvimbe, na siku ingine kansere.

Kale kauvimbe munganga aliona mu matumbo yako ni sufuria moja. Unasema, "Hainiumi, bakate ya nini?" Papa, sufuria ya kwanza pia haikuziba kitu. Acha munganga akatoe sasa.

Nikirudi Masisi nitakupikia sombe mimi mwenyewe, na sitangoja klakso.

Mutoto wako,
Furaha