Tumemfunga Kamba Mleta Gazeti

Dada Perpetua,

Umeamkaje huko Techiman na wanao? Lile goti limetulia? Huku nyumbani sote wazima, kanga wanataga, pombe yangu ya mtama inachacha vizuri.

Sasa kaa chini. Unamjua Akolgo, yule Mfrafra anayetuletea gazeti la Kidagara kwa pikipiki kila siku ya soko. Yeye ndiye anayenijazia kilabu: katekista Bayor anasoma kwa sauti, watu wanakunywa, wanabishana. Basi juzi kaja kanyong'onyea. Kasema bosi wake kule mjini Wa anatukatia gazeti, kijiji kizima kinanunua gazeti moja, hata hela ya mafuta hairudi.

Mimi nikasema utani ni wa kazi gani? Mfrafra si mtani wetu? Wanawake tukamrukia, tukamfunga kamba kwenye nguzo. We mla vichwa vya mbwa, huondoki mpaka wenyewe waje wakukomboe! Naye anajibu eti sisi Wadagara ndio tuliomaliza mbwa mzima tukawaachia mkia, na tumpe pombe, mateka asife na kiu. Nikachukua simu yake nikampigia bosi, nikamlilia kweli kweli kwamba mtu wake tumemkamata.

Kumbe bosi ni Mwasante wa kusini, utani wetu haujui! Kaja mbio na gari, jasho chapachapa, anauliza tunataka nini. Kamkuta mateka na kibuyu mkononi, Bayor anasoma, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Akasimama kusikiliza. Ilipofika habari ya bei ya karanga ubishi ukalipuka, na yeye naye akabisha! Mwisho akasema hakujua gazeti moja lina masikio yote haya. Wauza mbegu watalipia matangazo wakiyaona. Gazeti linaendelea kuja!

Sasa hili sijamwambia mtu, na unavyonijua, siri kwangu ni ugonjwa. Kamba ile kaja nayo Akolgo mwenyewe. Alininong'oneza nimfunge, maana gazeti likikatwa hana tena kisingizio cha kupita kwangu. Nikamwambia mwanamume mzima, kisingizio cha nini, sema! Akasema. Mjane mwenzangu, dada, na anachekesha. Kaka keshapokea kanga wake wa posa.

Siku ya soko ijayo Bayor anasoma habari ya uchumba wetu gazetini, ndiyo maana nimewahi kukuandikia, usije ukasema umesikia mwisho.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na njoo harusini na sabuni.

Mdogo wako mwenye raha zake,
Emerensia