Mzee wa Mkoroshoni

Toangoma, Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, mguu umepungua kuvimba, na dada Munira hakubanii chumvi kupita kiasi huko Kilwa. Huku mie ni mzima. Nimenenepa kidogo; ukiniona usiseme mbele za watu.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Tafadhali isome mpaka mwisho ndipo umwite Munira.

Kwanza nyumba. Bi. Auleria, yule mwalimu mstaafu tuliyemuuzia, ametimiza alilosema. Nyumba ya Baba sasa ni ya wasanii. Wanatoka mikoani, wanakaa miezi miwili mitatu, wanapewa chumba na chakula, na kazi yao ni kuchora na kufinyanga tu. Chumbani kwako analala binti mchoraji. Banda lako la kuku limekuwa karakana ya Lusungu, mfinyanzi kutoka Kyela, na ndani mnanuka udongo mbichi badala ya kuku.

Kaburi la Mzee wa Mkoroshoni hawajaligusa, kama mkataba ulivyosema. Wamelizungushia mawe meupe, na kila msanii mgeni anaambiwa asipite juu yake. Lusungu alitaka kujenga tanuri lake hapo, akakatazwa, akakubali kwa adabu. Kosa langu ni kukutajia hilo tanuri. Uliingiwa na hofu, ukaniagiza nitafute shehe na sanda, na Jumamosi uje mwenyewe tumhamishe marehemu tukamzike Kilwa.

Sanda nilinunua, Mama. Niliiweka juu ya kabati, na kwa siku nne chakula hakikupita. Kila nikimfikiria shehe anafukua mbele yako, nasukuma sahani.

Mle hamna mtu, Mama.

Unalikumbuka bakuli la kauri la Bibi, lenye maua ya buluu, ulilokuwa ukipakulia siku ya Idi tu. Nililivunja mie. Nilikuwa na miaka minane, nilikuwa nachezea maji, likaniponyoka. Nikalizika chini ya mkorosho, nikaweka jiwe upande wa kichwa, maana ndivyo nilivyoona watu wakifanya. Mvua zikanyesha, majani yakaota. Baba alipofyeka akakuta kaburi, akasema bila shaka ni la mwenye shamba wa zamani. Jioni ile ile ukachoma ubani. Tangu hapo kila Alhamisi ulimsomea Yasini, nami nikaitikia amina nikiangalia vidole vya miguu yangu. Siku ya kwanza ningechapwa yakaisha. Kila Alhamisi iliyopita ilizidi kunifunga mdomo.

Kibaya zaidi ni Shangazi Shamimu. Ulisema amelibeba bakuli kalipeleka kwake Mwananyamala, naye akaondoka bila kumaliza chai. Miaka ishirini na miwili wifi yako na wewe hamjala pamoja. Hata kwenye msiba wa Baba mlikaa mikeka tofauti, kila mmoja analia kivyake, na mie katikati najua sababu. Nisamehe, Mama. Nilikuwa mwoga nilipokuwa mtoto, na nimekua na uoga wangu.

Jana nilimweleza Bi. Auleria. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuleta jembe mwenyewe. Tumetoa vipande kumi na moja. Lusungu anaviunganisha, anasema mshono utaonekana lakini litashika.

Nikatoka hapo nikaenda Mwananyamala. Sikufika hata katikati ya maelezo. Shangazi akaniambia anajua, siku ile nilipolivunja alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Mama, mie niliweka jiwe moja tu. Baba alikuta mawili, na sikuwahi kuthubutu kuuliza. La miguuni aliliweka yeye, kwa kunionea huruma. Akasema ulipomwita mwizi alifungua mdomo aseme, akaniona nimejibanza nyuma ya pipa la maji, akaufunga. Aliujua mkono wako ulivyo mzito.

Nililia pale kibarazani kwake bila aibu. Niliporudi nikala sahani mbili za wali.

Shehe nimemuuliza habari za Yasini zako. Kaniambia usihuzunike, Mungu anawajua wafu wasio na wa kuwasomea. Sanda nimeipeleka msikitini.

Jumamosi njoo vilevile. Bi. Auleria ametuachia jiko kutwa, na tukiondoka Lusungu ataanza tanuri lake. Fimbo unaweza kuja nayo, sitakimbia. Msalimie Munira, na mwanawe Farhan umbusu.

Shangazi naye anakusalimu sana. Anapika pilau, na bakuli litakuwa mezani. Anasema usipokuja kulifuata, safari hii atalibeba kweli.

Ni mie mwanao,
Twaha