Usionje Unapopika

Juba, 4 Agosti 2024

Kwa wifi yangu Caroline,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalotukaanga. Wewe na kaka Semei hamjambo? Mgongo wake unaendeleaje? Mwambie aache kubeba magunia kama kijana.

Nakuandikia barua hii ndani ya simu kwa sababu nikipiga hukatika kila nikikaribia kusema la maana. Wifi, nimechumbiwa! Anaitwa Edrine, Mganda mwenzangu, anauza vipuri vya bodaboda soko la Konyokonyo. Desemba atakuja na wazee wake kujitambulisha kwetu Masaka. Lakini kabla ya hapo mama yake, Mama Namukasa, atapanda basi aje Juba mwezi wa kumi anione kwa macho yake. Edrine ni mtoto wake wa pekee. Mama akisema hapana, ni hapana.

Sasa sikia haya. Juzi Edrine alinikuta kazini hotelini napanda ngazi na ndoo mbili, akacheka. "Wewe iko mfupi, hiyo mimi nakubali," akasema. "Lakini mfupi na mnene pamoja? Watu watasema Edrine ameoa mtungi." Nilicheka naye. Kisha nikaingia chumba nilichokuwa nasafisha nikalilia taulo za wageni.

Nina miaka thelathini na nne, wifi. Huyu akiondoka sioni mwingine. Duka la dawa mizani imesema kilo sitini na nane, na kimo changu unakijua, futi tano sifiki. Mtandaoni wanasema mwanamke ale kalori elfu mbili kwa siku. Nakula hizo hizo na sipungui. Wewe ndiye uliyesomea lishe. Mtu mfupi anayekimbia kutwa nzima kama mimi ale ngapi?

Wifi yako,
Angella


Kitale, 9 Agosti 2024

Wifi mpenzi,

Salamu tumezipokea kwa mikono miwili. Huku tu wazima, mvua inanyesha mpaka kuku wamechoka. Mgongo wa Semei uko pale pale, na ukaidi wake pia.

Hongera sana! Ila huyo Edrine niulizie kama yeye aliumbwa siku ya sikukuu. Mtu mwenye grisi mpaka kwenye kope anachagua viuno? Haya, nanyamaza, ni wako.

Nakujibu kama ninavyowajibu wanawake wa kliniki. Hizo elfu mbili ni makadirio ya mwanamke wa kimo cha kati. Mwili mfupi ni sufuria ndogo, kuni chache zinatosha. Mwenzako mrefu akila hizo anapungua, wewe unabaki ulivyo. Ungekuwa mtu wa kukaa ofisini ningekubana zaidi. Lakini wewe unatembea kutoka kwako mtaa wa Juba Na Bari mpaka hotelini Amarat, unapanda ghorofa nne, unatandika vitanda na kupiga deki. Basi kula elfu moja na mia tano, na siku ya kazi nzito ongeza mia. Chini ya elfu moja na mia mbili usishuke bila daktari, nakukataza kabisa. Asubuhi mayai, mchana maharagwe na mkate wa kisra, jioni samaki na mboga za kutosha. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kwa macho.

Utapungua chini ya nusu kilo kwa wiki. Wafupi hupungua polepole, sio kosa lako. Usikimbie, mama mkwe atakukuta ukipendeza.

Nakupenda, kafupi kangu.

Wifi yako,
Caroline


Juba, 1 Septemba 2024

Wifi Caroline,

Habari za huko? Mimi sijambo kwa nje.

Nimekula vile ulivyosema. Sijaiba hata andazi. Leo nimepanda mizani, kilo moja na kidogo tu imetoka. Kilo moja! Jana Edrine alinishika mkono mbele ya wenzake dukani, akabinya nyama ya juu, akawauliza, "Hii wanauza kilo ngapi?" Wakacheka wote mpaka wateja.

Mama yake anakuja mwezi ujao na wewe unaniambia polepole. Nimekaa nikafikiri, nikajiuliza kwa nini. Pengine unafurahi nikibaki hivi. Miaka minane uko na kaka yangu na nyumba hiyo haijasikia mtoto akilia. Mama yetu alikufa akiulizia mjukuu. Sasa unataka mimi nami nisiolewe, tukae wawili tasa wa ukoo mmoja? Nyinyi warefu mna roho fupi.

Kama hujui dawa ya haraka sema, nitamwuliza mwingine.

Angella


Kitale, 15 Septemba 2024

Angella,

Barua yako nimeisoma. Semei sikumwonyesha.

Unataka haraka. Basi kula mia nane kwa siku. Hesabu kila kitu, hata maziwa ya chai. Na usionje unapopika, vijiko vya kuonjea ndivyo vinavyowanenepesha wapishi. Ukimaliza mia nane zako funga mdomo, hata mtu akikubembeleza.

Mke wa Semei


Juba, 13 Oktoba 2024

Wifi yangu wa thamani,

Shikamoo nyingi hata kama tunalingana. Nyote hamjambo? Kaka hajambo?

Kama nilikuudhi ile siku, nisamehe, ni hasira za Edrine nilizokumwagia wewe. Ungeniona sasa! Kilo hamsini na tisa! Gauni la kazi nimelibana kwa pini. Edrine amenipiga picha akaiweka kwenye simu yake watu wote waone, na juzi amenishika kiuno sokoni mchana kweupe, yeye ambaye alikuwa anatembea hatua kumi mbele yangu.

Sionji kitu, wifi. Nimezoea. Napika nikiwa nimeuma meno.

Nina maswali kidogo tu. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nikifika ghorofa ya tatu macho yanaingia giza, nakaa kwenye ngazi mpaka yarudi. Na zile siku zangu za mwezi hazijaja. Mama Konga mwenye nyumba jana alinishika kidevu. "Malu, una nini, Angella? Wewe iko mgonjwa?" Nikamwambia ni kazi. Je, ni kawaida? Niendelee?

Mama Namukasa anafika Alhamisi. Nimemnunulia ndizi za matoke zilizoletwa kutoka kwetu. Niombee.

Wifi yako,
Angella


Kitale, 14 Oktoba 2024

Endelea hivyo hivyo. Mama mkwe msalimie.

C.


Juba, 21 Oktoba 2024

Wifi Caroline,

Sijui nianze na salamu gani. Uwe mzima tu, kwa sababu nakuhitaji.

Alhamisi nilitoka kazini saa nane mchana. Mia nane zangu nilikuwa nimezimaliza zote, kwa sababu nilishika zamu alfajiri. Nikapika uani, matoke na mchuzi wa karanga na samaki wa moshi, harufu ikajaa mpaka barabarani. Mama Namukasa akaja na Edrine. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikamnawisha, nikapakua. Alinitazama kwa furaha, wifi. Alinishika shavu. Akasema, "Mwanangu umekonda, lakini tutakunenepesha."

Kisha hakula. Mikono ameiweka mapajani, anangoja. Nikadhani anasali.

Wewe ni Mkenya, pengine hujui. Kwetu aliyepika anakula tonge la kwanza, mgeni aone, ndipo mgeni ale. Hapa Juba ni zaidi, watu wanaogopa sumu mpaka soda ya mgeni inafunguliwa mbele ya macho yake. Mimi nalijua hilo tangu utoto. Sijui siku hiyo lilikwenda wapi. Kichwa changu kilikuwa kinahesabu, na Edrine alikuwa ananitazama kiuno. Nikasema, "Kula, Mama. Mimi nimeshiba."

Akaniuliza, "Ulionja ulipokuwa unapika?"

Nikamjibu kwa adabu zote, mjinga mimi, "Hapana, Mama. Mimi sionji."

Akaisukuma sahani mpaka ikamgusa Edrine. Akasema, "Huyu msichana anakiogopa chakula alichokipika mwenyewe."

Hapo ndipo nilielewa. Nikachota kwa mkono, nikajaza mdomo, nikameza, nikachota tena. Wifi, tumbo langu lilikuwa halijaona mchuzi wa karanga kwa mwezi mzima. Ulirudi wote. Nilitapika pale pale mkekani, mbele ya miguu yake. Akapiga kelele mpaka majirani wakaingia. Mama Konga akaja mbio, akatazama sahani, akanitazama mimi, akawavuta wajukuu wake nyuma.

Nikamwambia Edrine, "Mwambie mama yako kwa nini sili. Mwambie wewe." Alikuwa anajua kila kitu, alikuwa ananipima kiuno kwa mshipi wake. Akatazama mlango. Akasema, "Mimi sijui mambo ya jikoni."

Tangu siku hiyo Mama Konga amefunga pipa la maji kwa kufuli. Natoka na mtungi mpaka mtoni na watu wananipisha njia. Hotelini wamesikia, meneja ameniambia nisipeleke tena chai vyumbani, nifue mashuka tu.

Edrine amekuja mara moja, akasimama nje. Anasema bado ananitaka, lakini hawezi kumwambia mama yake kwamba yeye ndiye aliyeninyima chakula, atalaaniwa. Barua zako kwenye simu yangu Mama Namukasa hataki kuziona, anasema maandishi kila mtu anaweza kuandika. Anataka mdomo wa mwanamke aliyeolewa katika nyumba yetu, amwambie kwamba kweli nilikuwa nafunga chakula ili nipungue, na kwamba kutoonja ni amri niliyopewa. Akisikia hivyo atakula kwangu na mambo yataendelea. Mama yetu hayupo, shangazi hayupo. Ni wewe tu.

Edrine amempa namba yako. Atapiga kabla ya Jumamosi, siku hiyo anarudi na basi. Nakupigia magoti, wifi. Sema ni wewe uliyeniambia. Dakika moja tu, kisha nitakuwa mtumwa wako maisha yangu yote.

Mdogo wako,
Angella


Kitale, 4 Novemba 2024

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote wanaokuzunguka. Sisi huku hatujambo kabisa. Mvua zimepungua, mahindi tumeyavuna, na mgongo wa Semei umepata nafuu baada ya kuchuliwa. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu, kliniki ilikuwa imejaa.

Mama Namukasa alipiga ile Ijumaa kabla ya basi lake. Ni mtu mwenye heshima zake. Alijitahidi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, aliniuliza habari za nyumbani na za kazi, kisha akaniuliza, "Wewe ndio musawo, daktari ya chakula. Ni wewe nalisema huyu binti asikule?"

Nikamjibu vizuri. Nilimwambia, Mama, mimi nimesomea lishe, na hakuna mtu wa lishe anayemwambia mwanamke wa kazi ngumu asile. Nikamwambia kwamba mwezi wa nane ulinitaka ushauri na nilikuandikia ule kalori elfu moja na mia tano, mayai, maharagwe, samaki, tena nikakukataza kushuka. Si ndivyo nilivyoandika? Barua unayo, isome.

Akauliza, "Sasa chakula yake alikataa kwa nini?"

Nikasema, hilo, Mama, labda umwulize Angella mwenyewe.

Alinishukuru sana. Alisema Mungu amemwokoa mwanawe, na mimi aliniombea baraka nyingi za nyumbani.

Baadaye Edrine alimpigia Semei kumwambia hakuna kujitambulisha Desemba. Kaka yako alilia, wifi, sijawahi kumwona akilia hivyo. Aliniuliza kama dada yake anaweza kufanya jambo kama lile. Nikamwambia watu hubadilika wakikaa mbali. Anasema ni afadhali Krismasi hii usije, maneno yapoe kwanza, maana hata Masaka yamefika.

Kuhusu afya yako, usikae na hizo mia nane tena. Kwa kimo chako na kazi yako ni hatari, na hizo dalili ulizoniandikia hazikuwa za kawaida hata moja. Anza na uji mwepesi, tumbo likubali, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka ufike elfu moja na mia tano, ukitaka hata elfu mbili.

Kula, Angella. Sasa hakuna anayekutazama kiuno.

Wifi yako,
Caroline