Tela Likirudi Limejaa

Jumanne, 5 Machi

Pikapu imekwenda. Juzi Jumapili, tarehe tatu, saa tisa alasiri, kwenye mteremko wa kutoka uwanja wa maonyesho. Iko mtaroni, pua chini, chesisi imepinda kama ndizi. Tela lilichomoka na kubaki barabarani, limesimama kwa heshima zake zote, halina hata mkwaruzo. Kaka, aliyekuwa anaendesha, naye hana mkwaruzo. Namshukuru Mungu kwa hayo mawili. Mengine tutaongea.

Miaka sita! Nilianza na vyumba viwili vya mabati juu ya mkokoteni, nasukuma mwenyewe. Leo nina tela la vyoo kumi la kukodisha kwenye harusi na maonyesho, lina vioo, taa, na maji ya kunawa. Walianza kuniita Mama Vyoo kwa kejeli. Sasa wananiita hivyohivyo wakinibembeleza niwawekee nafasi.

Kaka ameshatangaza sababu. Kamwambia mama, kawaambia majirani: gari lilikosa nguvu. Petroli haivuti, tulitakiwa tuwe na dizeli tangu mwanzo. "Tulitakiwa"! Sisi na nani?

Halafu kitu kimoja hakiniingii kichwani. Gari lilikuwa linashuka. Nguvu ya nini kwenye kushuka?

Jumatano, 6 Machi

Mwenyekiti wa maonyesho kapiga simu. Pole nyingi, kisha kazi: tarehe 22, siku tatu, uwanja uleule wa mlimani, watu mara mbili ya mwaka jana. Anataka tela langu. Lakini Jumatatu ya tarehe 18 anataka kuliona limefungwa nyuma ya gari linalotembea. La sivyo anampa Bwana Usafi.

Bwana Usafi! Vyoo vinne, na kitasa kinachofunga ni kimoja.

Nimemwambia mwenyekiti aje hiyo Jumatatu na kamera.

Jumamosi, 9 Machi

Yadi ya magari yaliyotumika. Kaka kanisindikiza, yaani katangulia. Muuzaji anavaa miwani ya jua ndani ya ofisi. Pikapu za kazi nzito zipo mbili tu. Nyeupe, dizeli. Nyekundu, petroli. Zote otomatiki, zote zina ndoano ya tela, umri mmoja. Nyeupe bei iko juu, ya nyekundu inavumilika.

Muuzaji hata salamu hakumaliza. "Mama, mzigo ni dizeli. Petroli ni gari la kwenda nalo harusini."

"Ndiyo kazi yangu," nikamwambia, "kwenda harusini."

Kaka akacheka mpaka akashika boneti. Muuzaji hakuelewa. Akaelezwa. Akavua miwani.

Akauliza tela lina kilo ngapi. Kaka akadakia: elfu mbili na mia sita.

Nikasema hizo ni za kwenda.

Wote wawili wananiangalia kana kwamba nimesema lugha ngeni. Ikabidi nifundishe. Tela linapanda mlima tupu, maji tunajazia uwanjani. Watu wanakula, wanakunywa, wanakuja kwangu. Tela linarudi na tangi la chini limejaa, lita elfu mbili na mia nne. Lita ni kilo, hakuna siri. Elfu mbili mia sita na elfu mbili mia nne ni tani tano kamili. Na zote zinashuka!

Kila mtu ananiuliza litapandaje. Hakuna anayeuliza litashikwa na nini likishuka.

Muuzaji akavaa miwani tena. Kaka akasema ana kiu.

Jumapili, 10 Machi

Hesabu, kutwa nzima. Chai imepoa mara mbili.

Dizeli. Inavuta bila kelele, inakunywa kidogo ikiwa na mzigo. Ina breki ya moshi: ukiondoa mguu, injini inajibana yenyewe na kulishika gari. Nzuri hiyo! Lakini ina kichujio cha masizi, na hicho kinataka safari ndefu kipate moto na kujisafisha. Safari zangu ni kilomita kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, na katikati gari limelala chini ya turubai siku nzima. Kitaziba. Na nozeli zake za mafuta zikiharibika, naweza kuuza tela nizinunue, halafu nibaki na gari lisilo na cha kuvuta.

Petroli. Inakunywa kama mgeni wa harusi. Lakini vipuri viko kila kona, na safari fupi haziiumizi. Ina kitufe cha tela: ukikibonyeza, gia inabaki ndogo kwenye mteremko.

Kwa kazi za mjini, petroli. Bila ubishi. Tatizo ni mlima tu. Ile pikapu yangu nayo ilikuwa petroli, na mlima umeila. Kama petroli iliyo kwenye gia haiwezi kushika tani tano, sina la kuchagua. Nanunua dizeli na matatizo yake yote.

Kama ilikuwa kwenye gia.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nikaitazama kwa muda mrefu.

Jumanne, 12 Machi

Gereji. Pikapu imevutwa mpaka kwa fundi, tumeizunguka kama wafiwa. Breki zimeungua hadi zimekuwa bluu. Giaboksi ni nzima. Klachi ni nzima. Fundi anasema injini iliyolazimishwa kushika mzigo huo ingelalamika mahali fulani, hii haina hata jasho. Halafu akasema labda. Fundi huyu neno lake la mwisho siku zote ni labda.

Nikauliza gia ilikutwa wapi. Akasema nje. Moyo ukaruka. Akaongeza kwamba hilo si ushahidi, wavutaji wote huitoa gia kabla ya kufunga mnyororo. Moyo ukarudi.

Kisha akatania: si ajabu dereva wako aliweka frii. Kuweka frii — kutoa gia kabisa kwenye mteremko, gari liteleze lenyewe, mafuta yabaki kwenye tangi. Wanaifanya wengi, na vijiweni wanajisifia. Kwenye hizi mpya ni ujinga mtupu, akasema, ukiliacha ndani ya gia mteremkoni halimwagi hata tone. Lakini ile yako ya kabureta, ndiyo, iliokoa kidogo.

Iliokoa kidogo.

Mimi namba hazinitoki. Mwaka jana mpaka Novemba safari ya mlimani ilikuwa lita kumi na tatu. Kuanzia Desemba, kumi na moja na nusu. Za mjini hazikubadilika hata kidogo. Nilifikiri kaka amepata mguu mwepesi. Nilimsifia mbele ya watu!

Jioni nikamuuliza juujuu, wakati anamenya viazi. Kaka, siku ile gia ilikuwa ya ngapi? Akasema, "Nani kakwambia nini?"

Sikuuliza nani, niliuliza gia.

Alhamisi, 14 Machi

Siku yangu! Naiandika yote.

Nimemwambia muuzaji nitajaribu magari yote mawili, na tela langu, limejaa. Akasema hakuna mteja anayefanya hivyo, wateja wanazunguka mtaa mmoja na kuwasha redio. Nikamwambia redio ninayo nyumbani. Akasema bosi wake hatakubali. Nikasema basi bosi wake anajua kitu kuhusu magari haya ambacho mimi sikijui. Dakika kumi hazikuisha, bosi akakubali.

Tumelipeleka tela uwanjani tupu, tukajaza tangi la chini maji safi, lita elfu mbili na mia nne, mpaka yakafurika kwenye viatu vya muuzaji. Tani tano. Kisha mlima.

Nyeupe kwanza, naendesha mimi. Kilomita tisa za kushuka. Naondoa mguu — injini inanguruma chini kwa chini, gari linashikwa kama vile kuna mtu kalivuta shati kwa nyuma. Breki nimegusa mara moja, na hiyo ni kwa sababu ya mbuzi. Muuzaji pembeni yangu: "Si nilikwambia, mama? Dizeli!" Kaka nyuma anapiga makofi.

Tukalirudisha tela juu polepole, na maji yake. Nyekundu. Nikabonyeza kitufe. Oo, kelele! Injini imepiga yowe mpaka muuzaji akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kuanza kusali kwa sauti. Lakini sikiliza: limeshika. Breki nimegusa mara nne, kidogokidogo. Kule chini nikashuka, nikasogeza kiganja karibu na rimu. Vuguvugu. Kama chapati ya asubuhi.

Limeshika! Petroli imeshika tani tano!

Nilisimama barabarani nikacheka peke yangu. Muuzaji akauliza kama niko salama. Nikamwambia sijawahi kuwa salama hivi.

Ndipo nikamwambia kaka, zamu yako, nyekundu hiyohiyo, mzigo huohuo. Nikakaa kando yake. Tumepanda tena. Pale kileleni, kwenye bango la kuyaonya malori yatumie gia ndogo, nikaona mkono wake unaondoka kwenye usukani. Taratibu, kama mkono wa mtu aliyelala. Ukafika kwenye gia. Ukaishika. Ukakumbuka kwamba nipo. Ukaanza kupangusa vumbi kwenye dashibodi.

Gari lilipanguswa yadini asubuhi hiyohiyo. Lilikuwa halina vumbi.

Tumeshuka, kaendesha vizuri kweli. Kaka akitaka ni dereva.

Ijumaa, 15 Machi

Habari zinatembea. Mwenyekiti kapiga: kasikia kuna mwanamke kashusha tani tano mara tatu kwa siku moja ili kununua gari moja. Nikasema ni mimi. Akasema kazi ni yangu, na tamasha la Juni pia, ila Jumatatu aone gari. Bwana Usafi naye kapiga! Anataka kujua kama namkodishia nafasi vyoo vyake viunganishwe chini ya jina langu. Nimemwambia kwanza anunue vitasa.

Muuzaji kanipunguzia bei ya yote mawili bila kuombwa. Ananiita "bosi" sasa. Anayashikilia hadi kesho saa nane mchana, yadi inapofunga. Kuna mtu wa mkoani anayataka yote.

Pesa ipo. Dereva yupo. Tela lipo. Kimebaki kitu kimoja tu, na hakiuzwi yadini.

Jumamosi, 16 Machi

Saa nne asubuhi nimemwita kaka kwa mama. Nilitaka iwe mezani, si barabarani.

Nikauliza wazi. Kaka, Jumapili ile, ulitoa gia?

Akaanza na hali ya barabara. Akaja kwenye matairi. Akapita kwa serikali. Mama akaniambia nisimhoji kaka yangu kama askari. Nikasema, mama, simhoji, nanunua gari.

Basi kaka akapandisha sauti. "Mdogo wangu, si wewe uliyekuwa unahesabu kila lita? Si wewe uliyenisifia mbele ya watu kwa kubana mafuta?"

Nikasema ndiyo, ni mimi. Na hilo si jibu.

Akasema mimi nimeshaamua kichwani, namuulizia nini. Nikamwambia kichwani nina labda, kama ya fundi, na kwa labda sinunui hata ndoo. Nikampangia vidole mezani. Kama gia ilikuwa ndani na ile petroli bado ikakushinda, basi jaribio la Alhamisi lilikuwa bahati. Nanunua nyeupe, dizeli, nahangaika na vichujio vyake, na unaiendesha wewe. Kama ulitoa gia, petroli haina kosa. Nanunua nyekundu, na unaiendesha wewe vilevile, ila mlimani nakaa kando yako mpaka mkono huo usahau njia. Kwa vyovyote kazi unayo. Sitaki msamaha. Sitaki machozi. Nataka neno moja.

Mama akamtazama kaka, si mimi. Mara ya kwanza tangu tuzaliwe!

Kaka akainuka, akasema anakwenda kuosha tela, kesho kutwa mwenyekiti anakuja kuliona. Sikumzuia.

Saa tano na robo sasa. Naandikia dirishani, namwona. Tela linang'aa. Upande wa kushoto kauosha mara tatu, na bado bomba la maji limeelekezwa palepale. Simu ya muuzaji imeita, nimemwambia funguo zote mbili ziwe mezani, nakuja kuchukua moja.

Nimefungua dirisha. Nimemwambia kwa sauti ambayo jirani naye ameisikia, na aisikie: mpaka saa sita kamili. Si saa sita na dakika.

Kafunga maji. Kageuka. Kashika bomba mkononi.

Kaka — gia ilikuwa ndani au nje?