Sabuni Yenye Dole la Baba

Tarehe 12 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje, na Mama hajambo? Mimi ni mzima kuanzia utosini hadi viwikoni. Kutoka viwikoni kushuka chini ndiko kwenye habari.

Huku ugenini baridi imeingia. Kipasha joto cha chumbani kinanguruma na kukausha hewa mpaka midomo inapasuka. Mikono yangu imetoka mabaka mekundu. Inawasha, nikijikuna inachubuka, na kwenye viungo vya vidole ngozi imepasuka. Daktari anasema ni pumu ya ngozi. Haiambukizi, kwa hiyo usimtishe Mama. Amenipa dawa ya kupaka, akaniambia nioge kwa maji ya vuguvugu, nisikawie bafuni, na nijipake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu.

Kisha akauliza naogea nini. Nikamwambia sabuni ya Baba, anaipika mwenyewe. Nikamtolea kipande. Alikinusa, akakisifia, halafu akasema ngozi yangu haikiwezi, kwa magadi yake na manukato yake.

Unajua kazi yangu. Nashona magauni ya harusi, vitambaa vyeupe pe, na kidole kikitoka damu hakuna pa kuificha. Mama mwenye duka siku hizi ananiangalia mikono kabla ya uso. Sasa nakuuliza wewe mwenye sabuni: niache?

Mwanao,
Kitinda Mimba

*

Tarehe 9 Desemba

Kitinda wangu,

Marahaba. Goti linatabiri mvua kama kawaida, na linakosea kama kawaida. Mama yako hajambo, ameniamuru nikuulize kama unakula.

Hiyo pumu ya ngozi nimeisoma mara mbili. Pumu ninayoijua mimi inakaa kifuani. Sabuni hii imekuosha tangu ulipokuwa unaenea kwenye karai, na hukujikuna hata siku moja. Sasa kilichobadilika ni nini? Ni baridi, na hayo masweta ya sufu mnayovaa huko. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu.

Tena fikiria na mimi nakaa wapi. Binti wa mpika sabuni anaogea sabuni ya dukani, nitamuuzia nani yangu?

Nimekupikia fungu jipya, kali kidogo, karafuu nimeongeza. Kila kipande nimekibonyeza kwa dole gumba langu kabla hakijakauka, kama ninavyowafanyia watoto wangu wote wanaosafiri. Jisugue vizuri. Mwanzoni itauma, lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Ni mimi baba yako,
Mzee wa Povu

*

Tarehe 20 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Usinicheke mwandiko, kalamu naishika kwa vidole viwili vilivyo wazi, vingine vimefungwa bendeji.

Mzigo ulifika. Nilipoufungua harufu ilijaa chumba kizima, nikakaa kitandani nikawakumbuka hadi nikalia. Kwenye sufu ulisema kweli, nimeiacha, ndani navaa pamba. Lakini sabuni niliitumia, Baba, na daktari alikuwa ameshanionya. Niliweka dole langu kwenye alama ya dole lako, nikajisugua kama ulivyosema. Juma halikuisha, mikono ikavimba.

Jumatatu nilikuwa natia ushanga kwenye mkono wa gauni. Kidole kikapasuka, doa likaingia kwenye satini, na bibi harusi alikuwa anakuja kulijaribu jioni ileile. Tulifumua mkono mzima tukakata mwingine. Mama mwenye duka hakunifokea, na afadhali angefoka. Amenihamishia kwenye pasi. Baridi ikiisha mikono ikiwa bado hivi, kiti changu anampa fundi mwingine.

Kwa hiyo nimeiacha sabuni yako. Naogea ya dukani, haina harufu na haina hata povu la kujivunia. Vipande vyako nimevifunga kwenye kitambaa, sikuvitupa. Baba, kuacha sabuni yako si kukuacha wewe. Nijibu, hata kama ni kwa hasira.

Mwanao,
Kitinda

*

Tarehe 18 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba, na tena marahaba, maana salamu yako imekaa sana bila jibu. Mama yako alitaka nikuandikie kwamba nilichelewa kwa sababu ya goti. Goti halina kosa. Nilinuna.

Kila aliyekuja kununua nilimwambia binti yangu siku hizi ni mtu wa kuchagua povu. Mama yako alinivumilia, kisha asubuhi moja akanikuta kwenye pipa nakoroga magadi. Akaniuliza, "Hizo glovu umevaa za nini?" Unazijua glovu zangu, zinafika viwikoni, na sijawahi kukoroga bila hizo. Nikamjibu kwamba magadi mabichi yanachoma, ila sabuni ikishakomaa haichomi. Akasema, "Haikuchomi wewe," akaenda zake kufua.

Nikakaa na neno hilo. Nikajaribu kukupikia isiyo na manukato, magadi nimepunguza. Ikawa uji. Nikarudia, ikashika vizuri, nikampelekea muuguzi wa zahanati nikiwa nimevimba kichwa. Akaniambia hata hiyo nisikutumie.

Basi, nimesalimu amri. Ogea ya dukani. Vile vipande mpe mtu mwenye ngozi ngumu kama ya baba yako. Pole, mama, kwa mikono yako na kwa kiti chako. Nilikuwa naitetea sabuni na wewe unaumia.

Ila nina swali, na usilicheke. Mimi kitu ninachojua kutengeneza ni hicho kimoja tu. Kila mtoto wangu aliyeondoka nilimpa hicho. Wewe sasa nikupe nini?

Baba yako

*

Tarehe 15 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini.

Theluji imegeuka tope na mikono imetulia. Yamebaki mabaka mawili karibu na kifundo cha mkono. Daktari amesema nisijidanganye, baridi ikirudi na yenyewe yatarudi, huu ni ugonjwa wa kuishi nao. Nalala nimejipaka mafuta na kuvaa glovu za pamba, mwenzangu wa chumbani anasema nafanana na mwizi mstaarabu. Juma lililopita mama mwenye duka aliishika mikono yangu, akaigeuza huku na huku, akanionyesha kiti changu. Nimeanza na mapindo. Vipande vyako amechukua mwanamke wa pasi, na ameshauliza kama kuna vingine.

Umeuliza unipe nini. Nimeomba likizo ya Julai na nimepewa, nakuja nyumbani. Nitafika na vumbi la safari, na najua mkono wako utaikimbilia sabuni wenyewe. Uzuie. Chukua jagi, unimiminie maji matupu mikononi, taratibu, mpaka niseme basi.

Mwanao,
Kitinda